Hesabu ya vitunguu vya Namanga iliyonifundisha Python

MAMA yangu mdogo hununua vitunguu Mang'ola, wilayani Karatu, huvipitisha Namanga na kuviuza Nairobi. Hununua kwa shilingi ya Tanzania, huuza kwa shilingi ya Kenya, hulipa gari kwa shilingi ya Tanzania, na njiani hula kwa shilingi yoyote itakayokuwa karibu mfukoni. Kila kitu hukiandika kwenye kaunta buku lenye jalada gumu, kwa mwandiko unaosomeka vizuri kuliko wangu.

Mwaka huu alitaka kukopa kwenye kikundi chake cha VICOBA ili aongeze mzigo mara mbili. Kabla ya kuweka saini aliniita nyumbani, akanisogezea daftari na chai, akaniuliza: "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Hebu niambie, hii biashara inanipa faida, au inazungusha pesa tu?"

Nimekuwa nikiandika habari za Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa miaka kadhaa. Naweza kukueleza kwamba Soko la Pamoja lilianza Julai 1, 2010, na kwamba Itifaki ya Umoja wa Fedha ilisainiwa Kampala mwaka 2013 kwa lengo la kufikia sarafu moja ndani ya miaka 10. Miaka 10 imepita, nchi wanachama sasa ni nane, na bado mtu anayevuka Namanga na neti za vitunguu hubadilisha pesa kwenda na kurudi. Hayo yote niliyajua. Swali la mama mdogo sikuweza kulijibu.

Nilijaribu kwa kikokotoo cha simu. Safari zilikuwa 11, kila moja na idadi yake ya neti, bei yake na kiwango chake cha kubadilishia fedha. Nilipofika safari ya sita nilibonyeza kitufe kisicho chake, hesabu yote ikafutika. Nikaanza upya, nikapata jibu. Nikarudia kuhakikisha, nikapata jibu jingine. Ndipo nilipoamua kujifunza kitu ambacho rafiki zangu wa chuo walikuwa wakinisisitizia tangu tukiwa mabwenini: lugha ya kuiandikia kompyuta maagizo, iitwayo Python.

Jina lisikutishe. Neno hilo kwa Kiingereza ni chatu, na nembo ya lugha hiyo ina nyoka wawili, lakini aliyeibuni hakuwa na nyoka akilini. Ni Mholanzi aitwaye Guido van Rossum, aliyeanza kuiandika wakati wa likizo ya Krismasi mwaka 1989 akiwa mtumishi wa kituo cha utafiti wa hisabati na kompyuta mjini Amsterdam. Jina alilichukua kwa kundi la wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python. Toleo la kwanza aliliweka hadharani Februari 1991, na tangu hapo watu huichukua bure. Ni lugha ya aina inayoitwa ya skripti: unaandika maagizo mstari baada ya mstari kama unavyomwandikia kijana wa dukani kwenye karatasi, na mashine huyasoma kuanzia juu kwenda chini na kuyatekeleza hapo hapo.

Nilidhani nitahitaji kompyuta ya bei kubwa. Sikuhitaji. Kwenye simu ya Android niliweka programu ya Pydroid 3, na kwenye kompyuta ya zamani ya kaka yangu nikaweka Thonny, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili ya wanaoanza. Zote mbili ni za bure, na ukishazipakua hazikuombi bando kila unapotaka kupiga hesabu. Hilo lina maana kwa mtu anayelala Longido, ambako mtandao huja na kuondoka.

Kuna onyo moja la kutoa mapema. Vitabu vya mitumba na vijitabu vya kunakili vinavyouzwa mitaani vingi bado vinafundisha Python 2, ambayo ilikoma kuhudumiwa mwanzoni mwa mwaka 2020. Inayotumika sasa ni Python 3. Tofauti yake si ndogo kwa mfanyabiashara: kwenye toleo la zamani, 7 ukigawanya kwa 2 unaambiwa 3, nusu inatupwa bila taarifa. Kwenye toleo jipya unapata 3.5. Ukiona kitabu kinaandika agizo la print bila mabano, kirudishe kwa muuzaji.

Siku ya kwanza niliandika mistari hii, kwa mfano wa safari moja. Kiwango cha shilingi moja ya Kenya kwa 20 za Tanzania nimekichagua kwa urahisi wa hesabu tu; usiende nacho Namanga.

neti = 40
bei_kununua = 18000
bei_kuuza = 1250
kiwango = 20
gharama = 200000
mapato = neti * bei_kuuza * kiwango
faida = mapato - neti * bei_kununua - gharama
print(faida)

Kinyota ni alama ya kuzidisha. Alama ya sawasawa hapa haisemi kwamba vitu viwili viko sawa, inasema "chukua thamani ya kulia, uipe jina la kushoto." Kila neno la kushoto ni jina la debe, na ndani ya debe kuna namba. Neti 40 zilizonunuliwa kwa Sh18,000 kila moja, zikauzwa kwa shilingi 1,250 za Kenya kila moja, gari na gharama nyingine za njiani Sh200,000. Mashine ilijibu 80000. Nikabadilisha mstari mmoja tu, kiwango kikawa 19, ikajibu 30000. Nikaweka 18.5, ikajibu 5000.0.

Hapo niliweka simu chini. Bei ya vitunguu haikubadilika, neti hazikupungua, gari ni lile lile. Kiwango kimeshuka kwa shilingi moja na nusu na faida ya Sh80,000 imebaki Sh5,000. Kila mfanyabiashara wa mpakani anajua kwamba kiwango kinauma. Lakini kukiona kikiuma namna ile, kwa kubadilisha mstari mmoja na kubonyeza mara moja, ni jambo jingine.

Kilichonifurahisha ni kwamba majina yote ni yangu. Python ina maneno yake 35 ya Kiingereza ambayo huwezi kuyabadilisha, kama if, for na import. Mengine yote unayatunga wewe, na Kiswahili kinakubalika bila shida yoyote. Shida moja ndogo ipo, na ni yetu wenyewe. Ukitaka debe liitwe ng'ombe, mashine inakataa. Ile alama ya ng' kwake ni mwanzo wa maandishi, kwa hiyo inasubiri alama ya kufunga ambayo haiji. Andika ngombe, na mfugaji atakusamehe. Na ukitaka kuandika Mang'ola kama maandishi, yafunge kwa alama za kunukuu zenye vistari viwili, si kimoja.

Sasa nije kwenye makosa, maana huko ndiko nilikojifunza zaidi.

Kosa la kwanza lilikuwa mkato. Sisi tunaandika 720,000 na kila mtu anaelewa. Python inaelewa vingine. Kwake mkato unatenganisha vitu viwili, kwa hiyo 720,000 ni namba mbili zilizoongozana: mia saba na ishirini, halafu sifuri. Haikugombezi. Inapokea na kuendelea, na huko mbele ndipo mambo yanapoharibika. Andika 720000, au kama macho yako yanahitaji msaada, 720_000 kwa kistari cha chini, hiyo inakubalika.

Kosa la pili lilinichekesha baada ya kuniudhi. Nilitaka programu iniulize idadi ya neti, kisha nizizidishe kwa mbili nione mzigo wa mkopo ungekuwaje. Nikatumia agizo liitwalo input, nikaandika 40. Jibu likaja 4040. Nilidhani simu imeharibika. Kumbe chochote unachokiandika kwa kuulizwa, Python hukichukua kama maandishi, na maandishi ukiyazidisha kwa mbili yanaandikwa mara mbili. Ukijumlisha "40" na "35" unapata "4035". Lazima uiambie kwamba hii ni namba, kwa kuandika int na kufunga kwa mabano. Mtu aliyewahi kupokea ujumbe wa simu ukisema "elfu arobaini" na akashindwa kujua ni elfu arobaini za nchi gani ataelewa kwa nini mashine inataka kuelezwa aina ya kitu kabla ya kukipigia hesabu.

Kosa la tatu nusura limgharimu mama mdogo.

Nilikuwa nimefika kwenye somo la kitanzi, yaani kuiambia mashine irudie kazi ile ile kwa kila kitu kwenye orodha. Ndilo somo linaloufanya uchovu wote uwe na maana: safari ziwe 11 au 1,100, mistari ni ile ile. Nilikaa usiku nikahamisha daftari lote kwenye orodha niliyoiita safari. Kila safari ilikuwa na fedha za kununulia, fedha za mauzo na kiwango cha siku hiyo. Kisha nikaandika:

faida = 0
for nunua, uza, kiwango in safari:
    faida = faida + uza * kiwango - nunua
faida = faida - gharama
print(faida)

Jibu lilikuwa 2180000. Shilingi milioni mbili na laki moja na themanini elfu kwa safari 11. Nilimpigia simu saa nne usiku, nikamwambia biashara inalipa, akope.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Mwanangu, hiyo ingekuwa kweli ningekuwa nimeshaezeka nyumba." Akanitakia usiku mwema.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikachukua safari ya kwanza peke yake, nikaipiga hesabu kwa kalamu, nikalinganisha. Kosa lilikuwa kwenye nafasi tupu mwanzoni mwa mstari. Katika lugha nyingi za kompyuta nafasi hiyo ni pambo. Katika Python ni sheria: mistari iliyosogezwa ndani, chini ya ule wenye for, ndiyo inayorudiwa, mstari uliorudi ukingoni unatekelezwa mara moja tu, baada ya kitanzi kwisha. Mstari wangu wa kutoa gharama ulikuwa ukingoni. Mashine ilikuwa imelipa gari moja kwa safari 11. Magari 10 yaliyobaki, Sh200,000 kila moja, hayakulipwa na mtu. Nilikuwa nimempa mama yangu mdogo Sh milioni mbili ambazo hazikuwepo.

Niliusogeza mstari ule ndani kwa nafasi nne. Jibu likawa 180000. Shilingi laki moja na themanini elfu, kwa safari 11, usiku wa kulala kwenye gunia na siku za kusubiri wanunuzi ukiwemo humo.

Python haikuona kosa lolote, na ndiyo maana nalisimulia tukio hili kwa kirefu. Ingekuwa nimesahau mabano, ingelalamika na kunionyesha mstari wenye tatizo. Lakini nilichoandika kilikuwa sahihi kwa sarufi na uongo kwa hesabu, na mashine haijui gari linalipwa mara ngapi. Aliyejua ni mwanamke aliye na daftari. Siku hizi zipo programu za akili mnemba unazoziomba kwa Kiswahili zikuandikie mistari kama ile, nawe ukainakili. Sina ugomvi nazo, nimezitumia. Ila yeyote aliyeiandika, chukua safari moja unayoikumbuka vizuri, ipige kwa kalamu, ulinganishe. Jibu likipishana hata kwa shilingi mia, usimpigie mtu simu saa nne usiku.

Nikamweleza mama mdogo kosa langu. Hakucheka wala kukasirika. Alitaka kujua safari zipi zilimla. Hilo lilinipeleka kwenye somo la sharti, neno if. Ndani ya kitanzi unaandika kwamba kama faida ya safari hii ni chini ya sifuri, ionyeshe. Zikatoka nne. Tukafungua daftari tukazitazama, na haikuchukua muda kuona zinafanana wapi: zote zilikuwa na neti chini ya 29. Mwenye gari hatozi neti, anatoza nafasi. Ukipakia neti 20 au 45, nauli yake ni ile ile. (Ujira wa makuli, ambao hulipwa kwa neti, nimeuingiza kwenye bei ya kununulia.) Yeye mwenyewe alikuwa akihisi kwamba mzigo mdogo haulipi. Hakuwa akijua mdogo ni upi.

Mdogo ni upi? Swali hilo ndilo lililofanya jioni zangu zote za kujifunza zistahili. Neti moja ikileta faida ya kiasi fulani, neti ngapi zinahitajika kulipa gari kabla mtu hajaanza kuhesabu chake?

import math
for kiwango in [20, 19.5, 19, 18.5]:
    faida_ya_neti = 1250 * kiwango - 18000
    print(kiwango, math.ceil(200000 / faida_ya_neti))

Mashine ikajibu:

20 29
19.5 32
19 35
18.5 40

Yaani kwa bei zile za mfano, kiwango kikiwa 20 unahitaji neti 29 ili usiingie hasara. Kikishuka hadi 18.5, unahitaji 40. Neti 11 zaidi, bila mkulima wa Mang'ola wala mnunuzi wa Nairobi kubadilisha neno.

Lile agizo la ceil kwenye mstari wa mwisho si pambo. Nilianza kwa kutumia round, agizo la kawaida la kukadiria namba. Kwa kiwango cha 18.5 hesabu halisi ni neti 39 na kipande kidogo sana, na round ikanipa 39. Piga mwenyewe: neti 39 mara Sh5,125 ni Sh199,875. Bado unadaiwa Sh125 na mwenye gari. Kwa kiwango cha 19.5 round inasema 31, na hapo upungufu unapita Sh2,000. Kipande cha neti hakiuzwi, kwa hiyo hesabu ya neti lazima ipandishwe juu, na ceil ndiyo kazi yake. Round ina tabia nyingine ya kuiangalia: 2.5 inaifanya 2, na 3.5 inaifanya 4, kwa sababu ikikuta nusu kamili inakwenda kwenye namba shufwa. Shule ya msingi hatukufundishwa hivyo. Kwa senti pia uwe mwangalifu, jumlisha 0.1 na 0.2 uone mkia wa tarakimu unaotokea. Wanaojua hushauri fedha uzihesabu kwa namba nzima, yaani senti badala ya shilingi na nukta.

Neno if lina kazi nyingine mpakani. Wengi wa wasomaji wetu wanatumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kile kinachotolewa pale pale mpakani kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, bidhaa zikiwa zimezalishwa ndani ya Jumuiya na zimo kwenye orodha iliyokubaliwa. Niliandika sharti la kuangalia mzigo uko upande gani, na nikakosea kwa alama moja. Niliweka alama ya "chini ya", kwa hiyo mzigo wa dola 2,000 kamili ulikataliwa na programu yangu wakati kanuni inaukubali. Sahihi ni alama ya "chini ya au sawa na", inayoandikwa <=. Thamani hiyo nayo ipigwe kwa kiwango kinachotumiwa na forodha, si cha vijana wenye vibunda barabarani. Na hata ukiwa ndani ya dola 2,000, cheti kinakuondolea ushuru wa forodha tu. Kibali cha afya ya mimea kwa vitunguu bado utaulizwa, na hakuna mstari wa Python utakaokuokoa ukikisahau Karatu.

Msomaji wa Rusumo pengine anajiuliza kuhusu saa. Ukivuka daraja la Kagera kuingia Rwanda unarudisha saa nyuma kwa saa moja, na kompyuta inalijua hilo ukiiambia uko wapi. Isichojua ni kwamba saa mbili asubuhi yetu ndiyo 08:00 yake. Nilipohamisha nyakati za kupakia kutoka kwenye daftari, nusu ya safari zilionekana kuanza usiku wa manane. Ilibidi niongeze saa sita kwa kila iliyoandikwa asubuhi.

Je, kila mfanyabiashara ajifunze? Wapo vijana wanaouza kozi mitandaoni wakiahidi kwamba kwa miezi mitatu utaacha vitunguu na kuajiriwa ukiwa nyumbani. Mimi siamini ahadi hizo. Nilichokiona ni kidogo zaidi. Majina ya thamani, tofauti ya namba na maandishi, sharti, orodha, kitanzi: masomo matano, ambayo mimi niliyamaliza kwa jioni za wiki sita, nyingine nikiwa nasinzia. Kozi niliyoanza nayo ilinifundisha kuchora kasa anayetembea kwenye kioo, nikaiacha siku ya tatu. Nilipoanza kuuliza daftari la vitunguu linataka nini, somo lilijipanga lenyewe. Lilipotaka kurudia safari 11, nikajifunza kitanzi. Lilipotaka kuchambua zenye hasara, nikajifunza sharti. Anayeuza mitumba Busia au samaki Kirumba atapanga kwa namna yake, maana daftari lake linauliza mengine.

Mama mdogo hajajifunza Python na hana mpango huo. Alikopa, lakini nusu ya alichokusudia, na amenikabidhi kazi ambayo sikuiomba. Siku anayokwenda shambani hunitumia ujumbe wenye namba tatu: bei ya neti, bei aliyoahidiwa Nairobi, na kiwango cha asubuhi hiyo. Mimi nabadilisha mistari mitatu, namrudishia namba moja.

Wiki iliyopita bei zilikuwa zile zile za mfano wetu, kiwango 19.3. Nilimjibu: 33. Alikuwa amepata neti 27 tu. Hakukodi gari. Alimtafuta jirani yake mwenye neti 18, wakagawana nafasi, wakapita Namanga pamoja.